Jelagat kwenye Meza ya Wabishi

Jelagat binti Bethuel Kosgei alizaliwa na ugonjwa mmoja ambao Birmingham nzima haina dawa yake: ugonjwa wa "kwa nini". Alipokuwa mdogo wa kushikwa mkono alimwuliza mamake kwa nini jua la Uingereza hutoka bila joto. Alipokua kidogo alimwuliza mwalimu wa Sunday school, kama Mungu anajua tunachotaka kabla hatujasema, mbona tunamwambia tena kwa sauti ya juu vile? Mwalimu mwenyewe alikuwa Mama Sabine, Mkongo wa Bukavu, mwanamke mwenye sauti ya kwaya na subira fupi. Akashika kiuno. "Ah non! Mtoto hii iko na maulizo mingi, itaniua!" Watoto wakacheka, Jelagat akanyamaza, na kabla ibada haijaisha babake alikuwa ameshapata habari.

Sasa, babake si mtu wa mchezo. Bethuel ni mzee wa kanisa katika ule ushirika wa Kiswahili unaokodi ukumbi Sparkbrook kila Jumapili, Wakenya upande huu, Wakongo upande ule, na Watanzania wachache katikati wakisahihisha Kiswahili cha wote. Siku za kazi anatunza wazee katika nyumba ya wakongwe kule Aston, karibu na kwake. Anawaogesha, anawalisha, anasikiliza hadithi zilezile kila asubuhi na kushangaa upya kila mara. Mtu mpole, jamani, nisimsingizie. Lakini alilelewa Kapsabet na baba ambaye akisema neno, neno limekwisha, na yeye nyumbani kwake alitaka iwe hivyo hivyo. Mkubwa anasema, mtoto anaitika.

Basi Jelagat akajifunza kuitika. "Yes, Baba." "Okay, Baba." Kiswahili anakisikia vizuri sana, ukimsengenya mbele yake umejiponza, ila akijibu hujibu kwa Kiingereza kama watoto wengi waliozaliwa huku. Maswali yake aliyameza moja baada ya jingine. Walimu wa shule walimsifu kwa utulivu, majirani walimsifu kwa adabu, na Bethuel alizipokea sifa hizo kanisani akitikisa kichwa kwa unyenyekevu wa mtu aliyefurahi mno.

Akiwa na miaka kumi na sita, huku amebakiza mwaka mmoja wa sekondari na moyo wake wote uko kwenye uanasheria, mwalimu wake wa historia akamwambia kuhusu masomo fulani ya kiangazi. Wayahudi ndio walioyaandaa. Vijana wa sekondari walikaa pamoja kwa mwezi mmoja katika chuo kimoja cha Edgbaston ambacho wanafunzi wake wako likizo, wakisoma historia, falsafa, sheria za kale za Kiyahudi na Kiebrania kidogo. Wengi walikuwa Wayahudi wenyewe, kutoka London na Manchester na Leeds. Lakini nafasi chache ziliachwa kwa vijana wa Birmingham wa dini yoyote, kwa sababu, walisema waandalizi, si adabu kuja kukaa katika mji wa watu bila kuwajua wenyeji.

Jelagat aliomba, akahojiwa, akachukuliwa. Ikabaki kazi kubwa: nani atamwambia Baba? Kazi hiyo ilimwangukia Milka, mamake, nesi mwenye uzoefu wa kutoa habari ngumu. Alingoja Bethuel ashibe.

"Wayahudi?" Bethuel akauliza.

"Wayahudi."

"Wale wa kwenye Maandiko?"

"Wale wale, Baba Jelagat. Hawajaisha."

Bethuel hakucheka. Kanisani nako maneno yalimtangulia, maana katika ushirika ule siri hukaa muda wa kunywa chai tu. Mama Sabine alimfuata hadi kwenye gari. "Mzee Bethuel, mimi nasema kwa upendo. Mutampoteza ule mtoto. Atarudia akiwa mwingine." Bethuel aliendesha mpaka Aston bila kufungua mdomo, na siku ile kulikuwa na mpira, magari ya mashabiki yamejaza barabara zote, kwa hivyo alipata muda mrefu wa kufikiri.

Uamuzi wake ulikuwa huu: aende. Lakini katikati ya ule mwezi kuna Ijumaa ya wazazi, chakula cha kuikaribisha Sabato. "Nitakuja nione kwa macho yangu," akasema. "Nikiona wanamharibu, anachukua begi lake tunarudi naye jioni hiyo hiyo. Tumeelewana?"

"Okay, Baba," akasema Jelagat.

Siku ya kwanza ya masomo alikaribia kurudi nyumbani kwa hiari yake. Alitarajia kimya cha maktaba. Alichokikuta ni ukumbi wenye kelele za soko la asubuhi. Vijana walikaa wawili wawili, kila wawili na ukurasa mmoja katikati, wakisoma kwa sauti na kubishana, mikono inaruka, viti vinasukumwa. Hivyo ndivyo Wayahudi wanavyosoma tangu zamani, akaambiwa: huwezi kusoma peke yako, lazima uwe na mwenzako wa kukupinga. Yeye alipewa Tirza, msichana wa Leeds mwenye nywele zisizokubali kibanio.

Tirza alisoma kifungu, akaeleza anavyoona, akamgeukia. "Haya, wewe unaonaje?"

"Nakubali," akasema Jelagat kwa adabu zake zote.

"Unakubali nini?"

"Yote."

Tirza akamtazama kama mtu aliyeletewa sahani tupu. "Ukikubali yote, mimi na wewe tutafanya nini mpaka saa ya chakula?"

Ikawa kazi. Siku za mwanzo Jelagat alitafuta tofauti kama mtu anayetafuta sarafu chini ya kochi. Kisha kifungu kimoja kikamuudhi kweli, akasema hapana, na Tirza akapiga makofi. Ah! Nani alijua? Hapana yake haikumvunja mtu. Akasema nyingine. Yale maswali aliyoyameza tangu utotoni hayakuwa yamekufa, kumbe yalikuwa yamepanga foleni. Kufikia wiki ya pili alikuwa akiamka na hoja mdomoni kabla hajapiga mswaki, na furaha aliyokuwa nayo ilimtisha kidogo, maana alijua Ijumaa inakuja.

Jambo jingine lilimpata jikoni. Siku moja, baada ya kula kuku, hamu ya chai ilimshika, chai yenyewe, ya majani kuchemshwa na maziwa. Akaingia jikoni, akachukua sufuria. Aida, mpishi, akaruka kutoka upande wa pili. "Hapana, hapana, mpenzi! Hii sufuria ni ya nyama!" Akamwelewesha: nyama na maziwa havikai chombo kimoja, havikai meza moja, na ukishakula nyama unangoja kwanza ndipo uguse maziwa. Kila upande una sufuria zake na vijiko vyake.

Jelagat alimpigia mamake kumsimulia sheria hiyo ya ajabu. Milka alicheka mpaka akakohoa. "Ya ajabu? Muulize babako. Kogo, nyanya yako wa Kapsabet, angekukuta na nyama na maziwa siku moja, angekufukuza uende ukalale na ng'ombe!" Kwa Wanandi wa zamani ilikuwa mwiko mkubwa, vitu hivyo viwili havikukutana tumboni. Bethuel, aliyekuwa akisikiliza kwenye spika huku anajifanya anasoma habari, alisema "Hm," halafu baadaye sana akamuuliza mkewe, "Kwani wao wanangoja muda gani?"

Ijumaa ikafika. Milka alikuja amebeba hotpot ya chapati, kwa sababu alilelewa na watu, na haendi kwa watu mikono mitupu. Mlangoni wakamwambia kwa upole mwingi kwamba chakula kilichopikwa nje hakiwezi kuingia jikoni mwao. Aliirudisha hotpot kwenye gari shingo upande. Bethuel alivaa suti yake ya harusi za watu. Jelagat aliwapokea, akawaonyesha ukumbi, akawaonyesha Tirza, na muda wote huo begi lake lilikuwa chumbani limefungwa, maana Baba alikuwa amesema, na yeye alimtii.

Julai ya Birmingham haina giza la kusumbua mtu, jua lilikuwa bado limekaa madirishani walipowasha mishumaa. Wakaimba bila ala yoyote, kwa kupiga meza, na Bethuel, ambaye amepigana miaka mingi na vijana wa kanisa kuhusu sauti ya spika, alionekana akitingisha kiatu. Mkate ulioletwa ulisukwa kama nywele za kichwani. Kisha Rabi Elkan, mwalimu mkuu, mzee mwenye ndevu nyeupe na sweta lililochoka viwikoni, akasema sasa kila mzazi awabariki watoto wake, ndiyo desturi ya Ijumaa. Na aliyekuja bila wazazi atabarikiwa na yeye.

Wazazi wakaweka mikono juu ya vichwa, wakanong'ona, wakaketi. Bethuel akaweka mkono wake juu ya kichwa cha Jelagat. Nawaambia, mzee wa kanisa ukimpa nafasi ya kuomba umeitafuta. Alianza Kiswahili, akaingia Kinandi, akapita kwa babu na mabibi, akarudi Kiswahili. Ukumbi mzima ulishaketi. Supu ilikuwa inapoa. Rabi Elkan alisimama wima akimngoja, hakuna aliyethubutu kuchukua kijiko, na Bethuel aliposema "Amina" watu wote wakaitikia "Amen" kwa ngurumo. Akaketi akipangusa jicho. Jelagat akawaza, Mungu wangu, mambo yataenda sawa.

Alistarehe mno. Hilo ndilo lililomponza.

Baada ya kula, Rabi Elkan aligonga glasi kwa kijiko, akatoa swali la juma. Mtu ameacha mwavuli ndani ya basi, mwavuli mweusi usio na alama yoyote, kama maelfu ya miavuli ya mji huu. Mwingine ameuokota. Sheria inasema, mwenye kitu akishakata tamaa, kitu ni cha aliyekiokota. Lakini huyu mwenye mwavuli bado hajajua hata kama umepotea. Je, aliyeokota anaweza kuuchukua? "Mimi nasema anaweza," akasema mzee. "Akijua tu, atakata tamaa. Nani anatafuta mwavuli Birmingham? Kwa hivyo tuhesabu kwamba ameshakata tamaa."

"Hapana," ikasema sauti. "Samahani Rabi, umekosea."

Alikuwa Jelagat. Alikuwa amesimama, mkono hewani, macho yanawaka. "Huwezi kumkatia mtu tamaa kwa niaba yake! Tamaa ni yake, iko moyoni mwake, na wewe hujaingia humo. Mpaka akate mwenyewe, mwavuli ni wake."

Vijana wakapiga meza. "Ooooh!" Tirza alipiga mluzi.

Bethuel aliweka uma chini. Alimtazama binti yake aliyesifiwa kwa utulivu, amesimama mbele za watu, anamwambia mzee wa mvi "umekosea", mezani kwake, baada ya kula chakula chake. Akasimama, akafunga vifungo vya koti.

"Mzee wangu," akasema kwa Kiingereza chake cha polepole, "naomba msamaha kwa niaba ya familia yetu. Huyu mtoto hatukumlea hivi. Jelagat, keti chini."

Woi! Ukumbi ukazizima. Kumbe kwao kumwambia mwalimu amekosea, ukiwa na hoja, ni kumheshimu, kwa hivyo hakuna aliyejua msamaha ule ni wa nini. Waliona tu baba amekasirika. Jelagat akaketi. Masikio yalimlia, na aliona aibu ya aina mbili kwa pamoja, aibu kwa ajili yake na aibu kwa ajili ya babake, na ya pili ndiyo iliyomchoma zaidi. Aliliwazia begi lake kule chumbani.

Rabi Elkan hakutabasamu wala hakumtuliza mtu. Alisimama naye, kwa sababu mgeni wake amesimama. "Bwana Kosgei," akasema, "mbele ya baba mimi ni nani? Ukisema anyamaze, atanyamaza. Lakini nisaidie jambo moja, maana hapa tumebaki na swali. Alichosema, ni kweli au si kweli?"

Bethuel hakutegemea hilo. Alitazama dari, akatazama sahani. Mtu wa haki, hawezi kuulizwa swali akalikwepa.

"Si kweli," akasema mwishowe. "Wewe ndiye uko sawa. Mvua inanyesha, aliyeokota anauhitaji mwavuli, mwenyewe amekaa nyumbani kwake mkavu. Asubuhi atafungua mlango, atasema 'Aa, umeenda,' basi. Mtu mzima hahangaiki na kitu kidogo."

"Asante," akasema Rabi, akaketi, akakunja mikono.

Wote wakamwangalia Jelagat, naye akaangalia kitambaa cha meza. Hoja alikuwa nayo. Ilikuwa imesimama kooni, nzuri, kamili. Lakini huyu hakuwa Tirza, hakuwa Rabi. Huyu alikuwa Baba.

Bethuel alikuwa bado amesimama. Alimtazama na kitu kikabadilika usoni mwake, taratibu. Akasema kwa Kiswahili, si kwa sauti kubwa, "Mbona umenyamaza? Huyu mzee wa watu umemjibu. Mimi unaniogopa?"

Milka alimfinya bintiye chini ya meza. Kama alimfinya aseme au anyamaze, mpaka leo hasemi.

"Kofia yako, Baba," Jelagat akasema kwa Kiingereza. "Ile nyeusi ya sufu. Uliiacha kwenye basi. Sisi sote tulikuambia usahau. Ulienda ofisi ya vitu vilivyopotea, wakasema haipo. Ukarudi tena. Ukarudi tena! Mpaka wakakujua jina. Mpaka ukaipata. Ni kofia tu, iko kama kofia zote. Kama mtu angekukatia tamaa, leo angekuwa amevaa kofia yako."

Milka ndiye aliyeanza. Alicheka kile kicheko chake cha kukohoa, akasema kwa Kiingereza ili wote wasikie, "Ni kweli! Na alirudi nayo akiipigapiga vumbi kama mtoto!" Ukumbi ukalipuka, meza zikapigwa, glasi zikaruka. Rabi Elkan alicheka hadi akavua miwani. Bethuel alisimama katikati ya kelele zile, akajaribu kukaza uso, uso ukakataa. Akaketi, akijifuta midomo kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Lakini hakusema lolote kuhusu begi. Akanywa maji, akaongea na baba wa Tirza kuhusu bei ya nyumba, akaaga watu kwa mkono. Hatimaye wakatoka nje, Milka akatangulia kwenye gari, na Bethuel akabaki na Jelagat pale penye ngazi.

"Nikuulize," akasema. "Yule mzee umemjua wiki mbili. Unamwambia unachofikiria. Mimi nimekulea, na kutoka kwako nasikia 'okay, Baba'. Kila siku 'okay, Baba'. Nilidhani ni kwa sababu unakubali."

Jelagat alitaka kusema okay. Neno lilikuwa tayari, limezoea njia. Akalirudisha.

"Wakati mwingi sikubali," akasema. Alisema kwa Kiswahili, polepole, akilitafuta kila neno. "Lakini wewe ukikasirika, mimi naumia. Naogopa hutanipenda tena."

Bethuel alipigwa na neno hilo mahali ambapo hakuwa na ngao. Alitazama viatu vyake. Miaka yote ile alikuwa akiwaambia watu kanisani kwamba bintiye ana utulivu.

"Nitakasirika," akasema. "Mimi najijua. Utanijibu, na nitakasirika, na nitapiga kelele kidogo. Halafu? Nikikasirika ndiyo nimeacha kuwa babako? Mtoto wangu, nani alikuambia hivyo?"

"Hakuna mtu. Nilifikiria tu."

"Basi hapo umefikiria vibaya. Baki hapa umalize. Mama Sabine nitamjibu mwenyewe. Lakini siku ukirudi nyumbani, uje na huo mdomo. Usiuache hapa kwa watu."

"Okay, B..." Akajikamata. Akacheka, machozi yakimtoka, naye Bethuel akacheka. Akamvuta akamkumbatia kwa nguvu, suti ya harusi na yote.

"Na kofia," akasema juu ya kichwa chake, "si sawa na mwavuli. Kofia inakaa kichwani. Hiyo hoja yako ina tundu."

"Haina tundu, Baba."

"Inalo."

"Halipo! Thamani ya kitu anaijua mwenyewe, si..."

Milka akapiga honi. Alishusha kioo, chapati mojawapo mkononi, akauliza kama wanalala hapo au wanaenda nyumbani.

"Ngoja kidogo, Mama," Bethuel akaita bila kugeuka. "Hujaona tunabishana?"